Kampeni zisizokwisha zinawachosha wapiga kura

Mhariri,

Kampeni za urais za 2022 zilianza, kwa hakika, mara tu Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walipopeana mikono Machi 2018, na kwa zaidi ya miaka minne Wakenya hawakupumua. Waliojitokeza kupiga kura walishuka kutoka takriban asilimia 79 ya waliosajiliwa, Agosti 2017, hadi 65 mwaka wa 2022. Tunapoelekea 2027, mambo ni yale yale. Hapa sokoni Kongowea, mama muuza nyanya aliyepanga foleni tangu alfajiri mwaka wa 2013 sasa huzima redio siasa zinapoanza, na asema hatapiga kura tena. Namwelewa, ingawa nahuzunika. Tume ya uchaguzi, IEBC, iwachukulie hatua wanaofanya kampeni kabla ya wakati uliowekwa, bila kujali vyeo vyao.

Msomaji wako,
Mombasa