Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Pamoja na Maelezo Kuhusu Kuhamishwa kwa Maegesho ya Ndege Zetu

Wanachama wenzangu,

Aya hii ya kwanza naiandika hapa hapa mezani nikisubiri akidi. Mkutano ulikuwa uanze saa nne. Sasa ni saa tano na robo, na waliofika ni 11, tukimhesabu fundi aliyeingia kuomba chumvi, naye si mwanachama. Katiba inataka 15. Katibu anapiga simu. Wawili wamesema wako njiani, na wote tunaijua hiyo njia. Taarifa hii itasomwa, kisha itatumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa ajili ya wasiokuja, yaani wengi wetu.

Shughuli za mwaka mnazijua. Nyasi zilikatwa mara nne, soksi ya upepo ikabadilishwa, vizima moto vikakaguliwa. Watoto wa shule ya msingi walitutembelea wakakalishwa ndani ya ndege, na mmoja akatapika kabla injini haijawashwa. Nyama choma ya Desemba ilifanyika. Nawashukuru wote waliojitolea. Sitaji majina, nisije nikamsahau mtu nikazua mengine.

Fedha: tuliingiza shilingi 611,000, tukatumia 574,000. Katika mapato hayo, ada ni 204,000, malipo ya maegesho 227,000, na mchango wa shule ya helikopta 180,000. Jedwali analo Mweka Hazina. Nawaomba mkumbuke hiyo 180,000 tunapoendelea.

Sasa niingie kwenye lile jambo la kuhamisha ndege zetu kwa sababu ya shule ya helikopta.

Nimeitwa majina mwaka huu. Nimeambiwa nimeuza uwanja, nimeambiwa nimewahamishia wenye ndege porini ili chopa, yaani helikopta za shule, zipate kucheza. Nataka leo nieleze kwa utaratibu, maana kwenye WhatsApp mtu hawezi kumaliza sentensi moja kabla hajajibiwa na watu watatu.

Shule ilipokuja ilikuwa na helikopta moja aina ya R22. Leo ina R22 mbili na R44 moja. Helikopta hizi hazina magurudumu. Zinatua juu ya vyuma viwili kama sleji. Ndege yako unaweza kuiendesha chini taratibu mpaka barabara ya kurukia. Chopa ya aina hii, ikitaka kutoka pampu ya mafuta kwenda upande wa pili, lazima ijinyanyue na kuelea futi chache juu ya ardhi njia nzima. Na pampu, kama mnavyojua, iko mbele ya maegesho yetu ya zamani, pale chini ya migunga. Kwa hiyo kila somo lilikuwa linapita mbele ya pua za ndege zetu, likienda na likirudi, na mikononi mwa kijana ambaye pengine ana saa sita tu za mafunzo.

Wanaosema kuwa chopa inaleta "upepo tu" niliwaalika waje wasimame nami pale. Hakuna aliyekuja. Basi niwasimulie. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Machi, nimesimama mlangoni na kikombe changu. R44 inatoka kwenye pampu. Likaja vumbi kwanza. Kisha nikasikia changarawe zikigonga mabawa kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Kwenye Cessna 172 ya pili kutoka mwisho, usukani wa mkia ukapigwa kushoto, ukapigwa kulia, pa, pa, pa, hadi kwenye vizuizi vyake. Kamba ya bawa la kushoto ikakatika. Bawa likanyanyuka, mkia ukazunguka, ncha ya bawa la kulia ikajisaga kwenye pipa la taka. Kikombe changu kilikuwa kimejaa mchanga.

Mwenye ndege akasema shule ilipe yote. Shule ikasema kamba ilikuwa mbovu. Niliiokota ile kamba mimi mwenyewe. Ilikuwa ya katani, na niliipasua kwa vidole. Mbuzi angeikata kwa kugeuza shingo. Kufuli ya usukani ilikuwepo ndani, nakubali, lakini kufuli ile ya 172 hushika aileroni na elevata, yaani vibao vya nyuma ya mabawa na vya mkia vinavyolaza na kuinua ndege. Usukani wa mkia haiushiki. Huo unataka kizuizi chake cha nje, na kizuizi hicho hakikuwepo. Pia nilipima kwa futi kamba: njia ya chopa ilikuwa inapita mita 14 tu kutoka ncha za mabawa ya safu ya mbele. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea, na nilisema hivyo mbele ya wote wawili. Shule ililipia bawa, mwenye ndege akalipia usukani. Hadi leo hanisalimii. Sawa.

Hii mita 14 ndiyo iliyoninyima usingizi. Mapanga ya R44 yana kipenyo cha mita 10 hivi. Mwongozo wa marubani wa Marekani unasema marubani wa ndege ndogo wasikaribie helikopta inayoelea kwa umbali unaopungua mara tatu ya kipenyo hicho. Mara tatu ni mita 30. Hewa inayosukumwa chini haipotei. Ikifika ardhini hutawanyika pembeni, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Nilipiga hesabu kwa uzito wa R44 iliyojaa, kwa mwinuko wetu wa zaidi ya futi 6,000 ambako hewa ni nyepesi na lazima isukumwe kwa kasi zaidi, nikapata karibu kilomita 60 kwa saa. Mwanachama mmoja mwenye shahada ya uhandisi alinisahihisha desimali. Jibu lilibaki lile lile.

Na tusidhani ni mambo ya mabati peke yake. Tarehe 4 Machi 2022, kule Plymouth, Uingereza, helikopta ya uokoaji aina ya Sikorsky S-92 ilikuwa inatua hospitali ya Derriford. Upepo wake ulimwangusha bibi wa miaka 87 aliyekuwa kwenye maegesho ya magari, akafariki. Najua S-92 ni dude la tani 12 na R44 ni ya tani moja na kidogo. Lakini watoto wetu hukimbia pale Jumamosi, na milango ya Cessna ikikamatwa na upepo haiulizi ni wa chopa ya ukubwa gani.

Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuifukuza shule. Kwa mamlaka gani? Ardhi si yetu, shule ina kibali chake halali cha urubani, na kituo chake kilipangwa na wasimamizi wa uwanja. Sisi ni wapangaji wa maegesho. Ya pili, kugawana saa: wao mchana, sisi asubuhi. Nilijaribu, Katibu shahidi. Lakini asubuhi ndiyo hewa nzito. Saa nane mchana, jua likiwa kali, R22 yenye mwalimu mnene na mwanafunzi mnene inahangaika hata kunyanyuka. Na sisi wenyewe tunataka asubuhi, kabla mawingu hayajajenga. Ikabaki ya tatu: kuhamisha ndege zetu hadi kwenye uzio wa kaskazini, mita 85 kutoka njia yao, na shule igharimie nanga za zege za kufungia ndege na kamba mpya.

Mnasema sikuita mkutano. Niliita, mwezi wa Aprili, wakaja tisa. Kifungu cha dharura cha katiba yetu kinamruhusu Mwenyekiti kuamua pamoja na Katibu na Mweka Hazina pale usalama unapohusika na akidi haikutimia. Nilikitumia, na kama hali ingekuwa ile ile ningekitumia tena. Saini tatu ziko kwenye barua, ingawa lawama zimekuja kwa mmoja.

Mnasema mpwa wangu anasoma pale. Ni kweli. Analipiwa na mama yake, hana punguzo hata la shilingi, na alianza miezi mitatu baada ya barua kusainiwa. Tarehe ziko kwa Katibu.

Mnasema kaskazini ni mbali, kuna miiba inayotoboa matairi, na ng'ombe wa jirani hupenya uzio na kujikuna kwenye mikia ya ndege. Hilo la ng'ombe nalikubali bila ubishi. Nimeziba matundu mawili kwa waya wangu na gari langu, na sijadai mafuta. La tatu bado. Kivuli cha migunga nacho kimetuacha, najua. Lakini tangu tuhame hakuna bawa lililoguswa, na hilo sijaliona likiandikwa kwenye kundi.

Nije kwenye ada, na hapa nitasema bila kuzunguka. Wanachama ni 38. Waliolipa 12,000 zao ni 17. Deni ni 252,000. Nilichukua orodha ya walioandika kwenye kundi kuhusu maegesho, nikailinganisha na ya Mweka Hazina. Kati ya sauti saba kali kuliko zote, tano hazijalipa. Mtu anayedai kivuli cha migunga alipie kivuli.

Kuhudhuria nako ni hivyo hivyo. Mikutano minne mwaka huu, akidi mara moja, na mara hiyo palikuwa na nyama.

Mipango ya mbele: tunatarajia kuongea na wasimamizi kuhusu kuihamisha pampu, jambo ambalo lingemaliza kesi hii yote. Wamesema wataangalia. Tunatarajia pia banda la pamoja fedha zikiruhusu, na bima ya kundi, ambayo mwanachama mmoja aliahidi kuifuatilia na bado anaifuatilia. Uchaguzi ni mwakani. Anayeona kazi hii ni rahisi, fomu ziko kwa Katibu.

Sasa ni saa sita kasorobo, tumefika 15. Wa mwisho kuingia ni mwenye ile Cessna, ameketi nyuma kabisa. Karibu, mzee.

Nanga sita za kaskazini bado hazina mtu, na stoo kuna jozi mbili za kamba za nailoni zilizobaki. Anayezitaka aje na risiti ya ada. Paybill ni ile ile.

Mwenyekiti