Ya Mjerumani yanavalishwa glovu, ya kwetu yanaliwa na mchwa

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi linakuja Tabora kwa treni, limeshachelewa siku mbili na bado tunaligombania, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari. Mlipoandika mambo ya tumbaku nilinyamaza, mlipoandika ya maji nikanyamaza. Ila hii habari yenu ya juzi kuhusu nyaraka za Mjerumani, ile yenye picha ya mtafiti kavaa glovu nyeupe amelishika jalada kama kachanga ka siku tatu, hii imenishinda.

Sipingi mlichoandika. Kweli nyaraka zile zipo pale Nyaraka za Taifa Upanga, mtaa wa Vijibweni, na kweli UNESCO waliziingiza kwenye orodha yao ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ni mali kubwa na mimi sina dharau nayo, nimekula mkate wa masjala, yaani ofisi ya kutunza mafaili, zaidi ya nusu ya maisha yangu, najua karatasi ikitunzwa inasema hata mwenyewe akishakufa. Lakini mkamalizia kwa kuipongeza nchi kwamba inajua kutunza historia yake. Historia ya nani jamani? Sisi Wanyamwezi habari za Mtemi Isike, aliyejilipua na baruti ndani ya boma lake Januari 1893 ili asishikwe, sehemu kubwa tunazisoma kwa kalamu ya haohao waliomvamia. Akaja Mwingereza, ma-DC wake wakawa na kile kitabu cha wilaya, wanaandika humo watemi, wanangwa walio chini yao, mila, njaa, kodi, na vyenyewe vimetunzwa mpaka vikapigwa filamu. Sawa. Baada ya hapo tukapata uhuru tukaanza kuandika wenyewe, sasa hayo tuliyoandika wenyewe yako wapi? Hapo mwandishi wenu hakugusa kabisa.

Sheria ipo wala haina kona. Idara ya nyaraka ilianzishwa 1963, ikapata sheria yake 1965, na sasa tunatumia Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002, inayosema mkuu wa ofisi ndo mwenye jukumu la kutunza kumbukumbu za ofisi yake, na zikifika miaka 30 zile zenye thamani ziende Nyaraka za Taifa. Dodoma kuna kituo cha kupokea yale mafaili ambayo hayatumiki kila siku. Pigeni hesabu wenyewe, faili lililofungwa 1974 lilitakiwa liwe limeshaondoka huku mikoani siku nyingi tu. Sasa niwaambie nilipolikuta.

Dada yangu mkubwa ni mjane wa mwalimu. Shemeji aliingia ualimu 1977, enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, akafundisha vijiji ambavyo hata baiskeli ilikuwa inabebwa begani, akastaafu, kiinua mgongo kikaja pungufu kwa sababu miaka yake ya mwanzo eti haionekani kwenye hesabu. Akafuatilia mpaka akatangulia mbele za haki, sasa anafuatilia dada, na dada miguu inamsumbua kwa hiyo nafuatilia mimi. Ofisi yenyewe siitaji, iko hapahapa mjini na wao wakisoma watajijua. Nikapokelewa na binti wa mapokezi, shikamoo babu, akanipa na kiti, nikamwambia shida yangu naomba litafutwe PF, yaani jalada binafsi, la marehemu. Binti akainamisha kichwa. Akaniambia babu mimi hayo mambo ya kumbukumbu ndo niliyosomea hapo chuoni, cheti ninacho, ila stoo siruhusiwi kuingia, ufunguo anakaa nao mtu wa ugavi na yuko safari Dodoma. Yeye kazi aliyopangiwa ni kukaa mlangoni na kuagiza chai ya wakubwa. Mji huu mhariri ndo wenye chuo kinachofundisha uhazili na utunzaji kumbukumbu, watoto wa nchi nzima wanakuja Tabora kujifunza namna ya kufungua jalada, halafu ofisi zilizo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo chuoni zinakabidhi stoo kwa mtu wa matairi.

Na ni matairi kweli. Mtu wa ugavi aliporudi nikafunguliwa, ndani kuna matairi ya Land Rover, marobota ya vyandarua vya kampeni ambayo hata jina nimeisahau, taipureta imevunjika mkono, na kwenye kona ndo mafaili sasa, mengine kwenye viroba vya unga mengine yamelazwa sakafuni moja kwa moja, bati juu limetoboka na popo wamefanya yao. Mchwa wamepandisha njia yao ya udongo kutoka ukutani mpaka kwenye rundo wametulia kabisa hawana wa kuwauliza. Nikavuta jalada moja, ganda la pinki safi, jina linasomeka, kiuzi cha kijani kipo kwenye tundu lake, nikasema afadhali. Nikalifungua. Folio, yaani karatasi za ndani, ya kwanza mpaka ya sita zipo na namba zake kwa wino mwekundu kona ya juu kulia kama tulivyofundishwa, baada ya hapo hamna karatasi tena, ni udongo mtupu umekaa umbo lilelile la karatasi, ukigusa unamwagika mapajani. Nikavuta lingine, hilo ndo la 1974, la Operesheni Vijiji, pale watu walipohamishiwa vijijini, orodha ya kaya za kijiji kizima, nani katoka wapi na kapewa eneo wapi. Nusu nzima ya kulia imeliwa, yaani majina ya watu yamebaki, maeneo waliyopewa yameliwa. Na mnajua kesi za mipaka ya mashamba zilivyojaa kwenye mabaraza ya ardhi huku kwetu, kila mtu anasema babu yake ndo alipewa pale na Operesheni, watu wanakatana mapanga, na jibu lilikuwa kwenye ile nusu ya kulia! Nikamwuliza bwana mkubwa mmoja pale kwa adabu tu, hivi haya hayakutakiwa kuwa yamepelekwa Dodoma au Dar? Akacheka. Mzee, hayo ya zamani hayana kazi tena. Hayana kazi! Jalada la shemeji halikuonekana, na bwana huyohuyo, dakika hiyohiyo, ananiambia basi mama alete kopi ya barua ya ajira ya 1977, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa daraja zote. Barua walizoandika wao, wakabaki na nakala wao, wakazilisha mchwa wao, kopi atoe mjane.

Na hili la kopi nalo nilikuwa nalo rohoni siku nyingi. Kila ofisi ukienda, kopi. Kopi ya kitambulisho cha NIDA wakati namba unayo na mfumo wanao, kopi ya kadi ya benki, kopi ya cheti cha kifo ambayo uliwapelekea mwezi juzi, picha pasipoti mbili za nyuma ya bluu. Nje ya kila ofisi kuna stesheneri, na ukiikosa kopi unaambiwa nenda kwa wakili ukaape kwamba kilichopotea kimepotea. Dada yangu kaapishwa kwamba barua za mumewe zimepotea, kwa hela yake, wakati aliyezipoteza kakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Aape yeye basi! Kijana wa stesheneri naye nikamwona analaminisha kile kiapo bila kuulizwa, eti mzee kitadumu. Nikamwambia wewe ndo ungepewa ile stoo. Halafu vijana wa siku hizi wananiambia nisijali, sasa hivi mambo yote kwenye mfumo, barua zinasainiwa kwenye kompyuta. Sawa, mfumo mzuri. Ila mimi nachoona mtaani ni maagizo ya ofisi yanarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kikao kinaitishwa kwa WhatsApp, muhtasari wa kikao unapigwa picha unarushwa kwa WhatsApp, simu ikiibiwa stendi muhtasari umeenda na mwizi. Mjukuu wangu akija kuandika historia ya kata hii atamwomba nani, mwizi?

Turudi kwenye Mjerumani wenu. Mwaka 1916 vita ilipomzidi, serikali yake ikakimbilia hapahapa Tabora, Mbelgiji akaja kuingia mjini mwezi wa tisa mwaka huohuo. Katika ile hekaheka kuna kumbukumbu zao walizifukia chini ya ardhi, Mwingereza akaja kuzifukua baadaye. Watu wako mbioni, risasi zinalia, lakini walikumbuka mafaili. Sisi hatuna vita, tuna stoo, tuna chuo, tuna sheria ya 2002, tumeshindwa kununua dawa ya mchwa.

Mkitaka ushauri wangu, maana najua mtasema wazee tunalalamika tu, sihitaji jengo la mabilioni wala semina. Ufunguo wa stoo apewe yule binti mwenye cheti, leo, na mtu wa ugavi abaki na matairi yake. Shelfu za chuma zisiguse ukuta, ziachwe upana wa kiganja, na miguu yake isimamishwe ndani ya makopo ya rangi yaliyojazwa oili chafu, masjala ya zamani tulifanya hivyo na mchwa alikuwa anaishia chini anatutazama. Oili chafu inatolewa bure kwa mafundi gereji, hilo nalo mtaniambia lisubiri bajeti? Viroba vya unga vitolewe wapewe wauza mkaa. Kila jalada lililopita miaka 30 liandikwe kwenye daftari, liende linakotakiwa kwenda kisheria, na siku linaondoka mkuu wa ofisi asaini yeye kwa jina lake kamili, sio "kny", kwa niaba ya mwingine. Ikishindikana hata hiyo basi chimbeni shimo pale nyuma ya ofisi myafukie kama Mjerumani, mweke na alama, inaonekana chini ya ardhi ya Tabora kuna usalama kuliko juu yake, labda baada ya miaka mia atakuja mtafiti na glovu zake ayakute.

Na nyie msijitoe. Mwandishi wenu alienda Upanga, akapigwa picha, akarudi. Aje na huku, nauli ya treni sio kubwa. Nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni, ila aje kabla ya Novemba mvua hazijaanza kwa sababu lile bati nimeliona, na kabla hajapanda treni apige simu kwanza aulize kama mtu wa ugavi yupo.

Karani mstaafu wa masjala,
Ng'ambo, Tabora.