Malalamiko kuhusu muda wa safari Dar es Salaam–London

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA SHILINGI 310,000

Husika na somo tajwa hapo juu. Ni tiketi ya Januari niliyomkatia mama yangu kupitia programu yenu.

Nilipoandika Dar es Salaam na London, juu kabisa ulitokea mstari mmoja: "Umbali kilomita 7,507. Muda wa safari masaa 9 na dakika 40." Chini yake kulikuwa na njia mbili, ya Addis Ababa na ya Dubai, na zote zimebandikwa masaa hayohayo. Ya Dubai ilikuwa rahisi kidogo, nikalipa kwa simu. Nani angeongeza hela ilhali safari zinalingana?

Tiketi ilipoingia kwenye barua pepe ndipo nikaona mambo. Kuondoka Dar saa 10:45 jioni. Kufika Dubai saa 5:15 usiku, na kukaa hapohapo uwanjani mpaka saa 1:45 asubuhi. London saa 5:15 asubuhi kwa saa za kwao, ambazo majira ya baridi ziko nyuma yetu kwa masaa matatu. Piga hesabu: masaa 21 na nusu. Mama ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na anachoma insulini kabla ya kula. Huyo ndiye mliyetaka akeshe kwenye kiti cha uwanja wa ndege.

Dada aliyepokea simu (alinisikiliza vizuri, simlaumu) alinijibu kwamba umbali huo ni sahihi, ila ni wa ndege inayoruka moja kwa moja. Sikatai, ukivuta uzi juu ya tufe unapata kilomita 7,500 na ushee. Lakini ndege yenyewe iko wapi? British Airways waliacha kuja Dar mwaka 2013, na kwenye programu yenu siku ile hapakuwa na tiketi hata moja isiyopitia mji mwingine. Mmepima safari msiyoiuza, mkaibandika juu ya zile mnazouza.

Na tofauti yake si ya kupuuza. Addis iko njiani: kama kilomita 1,760 kutoka hapa, kisha 5,900 hivi hadi London, yaani hata kilomita 200 huongezi. Dubai unapindia kwanza kaskazini mashariki karibu kilomita 4,000, halafu 5,500 nyingine kurudi magharibi. Hizo ni kilomita 2,000 za ziada, na hewani peke yake masaa 13.

Nilipoomba mama ahamishiwe njia ya Addis mlinitoza shilingi 310,000, na risiti ikaandikwa "mabadiliko kwa hiari ya mteja". Hiari gani hiyo, wakati taarifa iliyonifanya nichague ilikuwa yenu?

Naomba fedha hizo zirejeshwe kwa namba iliyolipa. Mstari ule uondolewe, na kila njia iandikiwe muda wake yenyewe, pamoja na wa kusubiri ndege ya pili. Picha za skrini, tiketi zote mbili na risiti nimeambatisha.

Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14. Kwa simu tumeshaongea vya kutosha.

Mteja wenu,
(jina na namba ya tiketi vimo kwenye viambatisho)

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga (TCAA-CCC)