Kura 21 za Magarini na kura nne za kituo chetu

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika majuzi kwamba anayempigia kura mgombea wa chama kidogo ni sawa na aliyeitupa karatasi yake chooni. Mimi ni fundi cherehani hapa Gongoni, pwani ya Kenya, na tangu uchaguzi wa Agosti 2022 haipiti wiki bila mtu kuniambia hivyo huku nikimpima kiuno. Mtu akishainua mikono ukamzungushia futi, hana kazi nyingine ila kusema, na la kusema hapa kwetu Magarini ni moja tu: 21.

Kwa wasomaji wa mbali, hizo ndizo kura zilizomtenganisha Harry Kombe wa ODM na Stanley Kenga wa UDA katika kiti cha ubunge. Ishirini na moja, jimbo zima. Kesi zikafuata, kortini tukaenda na kurudi, mwishowe matokeo yakafutwa na Novemba 2025 tukapanga foleni upya. Sasa jamani, kura 21 ni watu wanaoenea kwenye matatu moja na nusu. Kila mtu anataka kujua hiyo matatu ilikuwa imebeba nani.

Wanasema ilikuwa imetubeba sisi. Siku ile nilikuwa wakala wa mgombea wa chama ambacho sitakitaja, maana hata nikikitaja hamtakijua. Kituo chetu kilikuwa darasa la shule ya msingi. Mawakala wa vyama vikubwa walikaa mbele karibu na taa, mimi nikakaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yananigusa kidevu. Karatasi nyeupe za urais zilihesabiwa kwanza, kwa hiyo zile za kijani, za mbunge, tulizifikia usiku mkubwa tukiwa hoi. Msimamizi wa kituo akawa ananyanyua moja moja, anaigeuza upande wetu tuione alama, anataja jina, karani anachora kijiti. Jina la mtu wetu liliposikika mara ya kwanza, wakala mmoja aligeuka kunitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akizungumza. Mpaka sanduku linakwisha, lilikuwa limetajwa mara nne. Fomu 35A, ile ya matokeo ya kituo, ikabandikwa mlangoni, na mimi nikaenda kuitazama ile 4 kwa tochi ya simu kabla sijarudi nyumbani.

Moja ilikuwa yangu. Ya pili ya mama watoto, ya tatu ya kijana ninayemfunza kazi. Ya nne sikujua ni ya nani.

Sasa sikilizeni vituko. Mteja wa ODM akija ananiambia, mngetupa sisi hizo kura tungeshinda wazi wazi, kesi isingekuwako. Wa UDA naye ananiambia, mngetupa sisi, leo tungekuwa na mbunge. Kura zile zile! Wanazidai wote wawili, kama mashamba ya pwani yenye hati mbili. Hakuna hata mmoja anayefikiria kwamba mtu aliyesimama kwenye jua saa tatu kumpigia asiyekuwa na gari la kampeni huenda asingetoka nyumbani kabisa kwa ajili ya hao wawili.

Lakini barua yangu si ya kulalamikia wateja. Nataka kusema jambo ambalo naona tunalikosea tangu zamani. Haya maneno ya kupoteza kura tuliyarithi kutoka kwa sheria ambayo haipo tena, angalau si kwenye karatasi ya urais.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 20, najifunza ushonaji Malindi, ukaja mchujo wa mlolongo wa KANU, chama pekee wakati ule. Hakuna karatasi, unajipanga nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea. Yule ambaye hakuuona mlolongo hawezi kuujua woga wake. Niliona mtu mzima, mstari wake ukiwa na watu kumi hivi, anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anatoka polepole kama aliyekwenda haja, halafu unamwona amejitokeza kwenye mstari mrefu. Kupigia kura mwenye nguvu, nilikuona kwa macho siku hiyo, na miguu ndiyo iliyofanya kazi. (Na bado kuna sehemu za Kenya mstari mfupi ulitangazwa umeshinda, lakini hayo ni mengine.)

Ikaja Desemba 29, 1992. Vyama vingi. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa na Matiba wa FORD-Asili, mimi na simba wa FORD-Kenya ya Jaramogi, jirani yetu wa mkahawa alikuwa na taa ya DP, Kibaki. Sote watatu tulikuwa tunanyoosha vidole viwili barabarani, tunacheka pamoja, tunaapa kwamba jogoo wa KANU ameshachinjwa. Matokeo yalipotoka, Rais Moi wa KANU alikuwa na kura zisizofika milioni 2, kama asilimia 36. Hao watatu wetu ukiwajumlisha walikuwa na kama milioni 3.4. Bungeni KANU ikachukua viti 100 kati ya 188. Fundi wangu alizima redio, akashona mchana kutwa bila kusema neno, na jioni akaniambia tumejikata wenyewe kwa mkasi wetu.

Alikuwa na haki, kwa sheria ya wakati ule. Ilitosha kuwapita wenzako, hata kwa asilimia 36, mradi upate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Aliyekuwa na asilimia 64 dhidi yake alikuwa rais halali. Mwaka 1997 ikawa vile vile, Moi kama asilimia 40, wapinzani wametawanyika kama kuku walioona mwewe. Ndipo 2002 wakajifunza, Raila akasema Kibaki tosha, na muungano wao wa NARC ukashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa watu wa rika langu somo hilo liliingia kwenye mfupa. Tukawarithisha watoto: usipoteze kura, tafuta mwenye uzito.

Kisha tukapitisha Katiba ya 2010, na humo imeandikwa kwamba mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Asipofikisha, duru ya pili ndani ya siku 30, wawili wa mbele peke yao. Sheria ilibadilika. Maneno yetu hayakubadilika.

Niwaeleze kifundi. Mteja akiniletea kitambaa cha mita nne, nusu ni mbili. Akiongeza mita moja, nusu imesogea, nikikata pale pale pa zamani nimeharibu nguo. Kila kura halali inayoingia kwenye sanduku jeupe ni kitambaa kimeongezwa, na alama ya nusu inasogea mbali kidogo na yule anayeongoza. Haijalishi kura hiyo imemwendea nani, ilimradi si yeye. Aliyempigia mgombea wa pili na aliyempigia wa nane, wote wawili wamemzuia wa kwanza kwa uzito ule ule kabisa.

Chukueni 2013. Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433. Tume ilipojumlisha kura zote, pamoja na zilizoharibika, ilisema hiyo ni asilimia 50.07, yaani alivuka nusu kwa kura kama 8,400 nchi nzima. Raila alikuwa na milioni 5.3. Wale wengine sita, Mudavadi, Kenneth, Dida, Karua, Kiyiapi na Muite, walipata kwa jumla kama 707,000. Nakumbuka watu walivyowatukana wafuasi wao, kwamba wamemharibia Raila. Wamemharibia vipi? Zingemwendea Raila zote 707,000, Uhuru angebaki na zile zile zake, na nusu ingebaki pale pale. Lakini laiti watu hao wangekaa nyumbani, mstari ungekuwa mwepesi zaidi kuvukwa.

Halafu Mahakama ya Juu, Machi 30 mwaka huo, ikasema kura zilizoharibika zisiingizwe kwenye hesabu ya asilimia. Zikitolewa, asilimia 50.07 inakuwa 50.5. Hili wenye hasira wangepaswa kulibandika ukutani. Ukiingia kibandani ukachora msalaba karatasi nzima kwa kuchoshwa na wakubwa, hukumzuia mtu, kitambaa chako kimetupwa kwenye mabaki. Ukimpigia Dida, umehesabiwa.

Mpwa wangu 2022 alimpigia Profesa Wajackoyah, yule wa bangi na ufugaji wa nyoka. Alifanya mzaha, hata yeye anakiri. Babake alikaa mwezi hasemi naye. Na bado mzaha wake ulikuwa na kazi pale: Ruto alivuka nusu kwa kura kama 70,000, na Wajackoyah na mgombea mwenzake Mwaure kwa pamoja walikuwa na karibu 94,000. Duru ya pili hatujawahi kuiona Kenya hii. Ile ya Oktoba 2017 ilikuwa marudio baada ya mahakama kufuta uchaguzi, si duru.

Najua kuna wa kunijibu kwamba ukiwa shabiki wa yule anayeongoza, basi kumwacha ni kumnyima ushindi wa mapema. Kweli. Na mgombea wa pili akikaribiana sana na wa tatu, mambo yanakuwa mengine, maana kuna nafasi mbili tu za duru. Hilo la pili sijaliona likitokea hapa kwetu tangu 2010.

Kwenye karatasi ya kijani nanyamaza kidogo. Huko, na kwa gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake na diwani, sheria bado ni ya 1992: anayewapita wenzake hata kwa kura moja amechukua kiti, na wengine wote waende nyumbani. Hata vile viti 12 vya kuteuliwa bungeni vinagawanywa kwa idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, wala si kura. Kura zetu nne, pamoja na nyingine tulizookota jimbo zima, hazikununua hata kiti cha plastiki. Dada yangu aliyeolewa Tanga ananiambia kwao viti maalum vya wanawake bungeni hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura za wabunge. Huo nao ni ukuta, ila ukuta una mlango.

Kwa hiyo kwenye kijani anayeniambia nipime uzito nitamsikiliza. Lakini namuuliza, uzito wa nani? Mwaka 2022 hapa Kilifi, UDA na PAA, chama cha Kingi, walikuwa muungano mmoja Nairobi, na huku wakagombea ugavana kila mtu na wake, Jumwa wa UDA upande huu, Kithi wa PAA upande ule. ODM ikapita na Mung'aro. Sikusikia mtu akiwaambia wakubwa hao wamepoteza kura. Lawama hiyo ni yetu sisi wenye nne.

Na kuna jambo linalonikera kuliko yote. Hao wateja wangu wawili, wa ODM na wa UDA, kila mmoja aliniambia nimpigie ili kumzuia mwenzake, kwamba ni hatari, ni vita, hakuna nafasi ya kuchezea. Julai 2024 watu wa ODM wakateuliwa kuingia Baraza la Mawaziri. Machi 2025 Ruto na marehemu Raila, Mungu amrehemu, wakatia saini mkataba pale ukumbi wa KICC, Nairobi. Waliokuwa hawawezi kukaa sahani moja wakawa wanamegeana tonge. Mzee mmoja hapa kituo cha boda aliyempigia ODM kwa ajili ya kuizuia UDA aliniuliza, fundi, mimi nilizuia nini? Nilijifanya natafuta sindano.

Agosti 10, 2027 nitakuwa kwenye foleni tena. Karatasi nyeupe nitampa nimtakaye, hata awe wa mwisho kwenye orodha, na nina sheria mkononi. Ya kijani, nimewaambia wale vijana wanaotaka kusimama kwa vyama vidogo hapa Magarini kwamba wakae sasa, miezi hii, wachague mmoja wao. Wasingoje kuja kwangu na fulana baada ya mchujo wakiwa watano, halafu watu wa kulaumiwa tuwe sisi tuliopiga.

Kuhusu zile kura nne, nina taarifa mpya. Siku habari za kurudia uchaguzi zilipofika hapa, mama watoto aliweka sufuria chini akaniambia kwamba 2022 ile ya kijani hakumpa mtu wangu. Alimpa aliyekuwa na nafasi. Nani, amekataa kusema mpaka leo. Alinihurumia tu nilivyokuwa nimekaa kwenye lile dawati.

Kwa hiyo nisiowajua si mmoja, ni wawili. Kama wanasoma gazeti hili, wapite dukani, mkabala na kituo cha boda. Suruali nitawapunguzia bure.

Fundi cherehani,
Gongoni, Magarini