Baiskeli ya umeme sio pikipiki, ndugu wa Morogoro

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro aliyeandika kwamba baiskeli ya umeme ni pikipiki tu iliyojificha, eti ni kitu cha wavivu na wazungu wenye hela za kuchezea. Mimi naishi Linz, Austria, mji ambao mto Danube unapita katikati yake, na mwaka huu mama mdogo wangu alipokuja kunitembelea kutoka Pangani tulishuka na huo mto kwa baiskeli za umeme kuanzia Passau kule mpakani Ujerumani mpaka Vienna, kama kilomita 320 hivi, siku kadhaa, tunaendesha mchana usiku tunalala gesti. Mama mdogo ni mwalimu mstaafu, magoti yanamsumbua, na pikipiki hajaendesha maishani mwake. Kwa hiyo hili jambo nalijua kidogo.

Tuanze na hilo la pikipiki. Sheria za Ulaya zinasema hivi, mota isizidi wati 250, isaidie pale tu unapokanyaga pedali, na ukifika spidi 25 kwa saa ikate yenyewe. Hapo inahesabika ni baiskeli, haitaki leseni wala namba. Usipokanyaga haiendi popote, unabaki umekalia chuma cha kilo 25 hivi. Zipo zinazosaidia mpaka spidi 45, hizo ndo zinawekwa kundi moja na vyombo vya moto, zina namba na bima yake, na kwa kawaida hawaziruhusu kwenye njia ya baiskeli. Ndugu yangu nadhani amezichanganya hizi mbili, na simlaumu, kwa macho zinafanana.

Alafu hilo la hela za kuchezea. Baiskeli yenyewe kununua ni ghali kweli, sibishi, ndo maana sisi tulikodi. Ila umeme wake? Betri ya kawaida ni watisaa 500 hivi, na kwa wanaonunua Luku hiyo ni nusu yuniti. Nusu yuniti! Ukiwa makini, yaani unatumia ile hatua ya chini ya msaada wa mota wanayoita Eco, njia ni tambarare na upepo hauko usoni, hiyo nusu yuniti inakutoa asubuhi mpaka jioni na hujaimaliza. Sasa kuna gesti moja tulilala, jina nalihifadhi, walitutoza euro tano kila betri kwa kuchaji usiku. Euro tano kwa nusu yuniti, wakati kwa bei ya umeme wa hapa haifiki hata euro moja! Mama mdogo alipopigiwa hesabu akasema mwanangu hawa ndo wangefaa kuuza maji ya ndoo kwetu kipindi cha ukame. Gesti nyingine zote walituonyesha soketi tu wakatuambia karibuni.

Lakini ninachotaka kusema hasa sio betri. Ni njia. Watu wakiona picha za wazee wa miaka 70 wanashuka Danube wanatabasamu wanadhani ni mota inawabeba, kumbe mota inasaidia kidogo, kinachowabeba ni ile njia yenyewe. Zamani, kabla ya meli za mvuke, mashua za chumvi na nafaka zilikuwa zinashuka na maji ila kupanda zilivutwa na farasi, farasi wengi kwa kamba, wanatembea ukingoni. Ukingo ukasafishwa na kusawazishwa kwa ajili ya hao farasi. Karne ya 19 meli za mvuke zikaingia, farasi wakakosa kazi, njia ikabaki inaota majani au inatumiwa na watu wa mto na wa mabwawa ya umeme, mpaka miaka ya 1980 walipoanza kuigeuza kuwa njia ya baiskeli kipande kwa kipande. Sasa fikiria, njia iliyotengenezwa ili farasi avute mashua haiwezi kuwa na milima, si ndio? Inafuata maji. Ndo maana mtu wa magoti mabovu anaiweza. Na sehemu kubwa ipo pande zote mbili za mto, ukichoka na upande huu unavuka darajani, au unapita juu ya bwawa la umeme, au unapanda pantoni. Leo hiyo njia ni kipande cha EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli inayotoka pwani ya Atlantiki Ufaransa mpaka Bahari Nyeusi.

Pantoni nizizungumze maana mama mdogo hakuwa na hamu ya makanisa wala makasri, alikuwa na hamu ya pantoni. Mtu wa Pangani bwana, huwezi kumwambia kitu kuhusu kuvuka mto. Pale Ottensheim, juu kidogo ya Linz, kuna pantoni inabeba mpaka magari, na haina injini. Kuna waya mnene umevutwa toka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile, chombo kimefungwa kwenye ule waya, nahodha anakiweka mshazari kidogo, na mkondo wenyewe unakisukuma mpaka upande wa pili. Kimya kabisa, unasikia maji tu na watu wanaongea. Mama mdogo akazunguka chombo chote akitafuta injini iko wapi, nikamwambia haina mama, akamwendea nahodha mwenyewe kwa Kiingereza chake cha ualimu, akaelezwa, akasimama anaangalia ule waya mpaka tunafika. Mimi nikasema hii si ingefaa kwetu Pangani, akanicheka, akasema wewe umekaa ulaya umesahau bahari, kule kwetu maji yakijaa mto unarudi juu, pantoni hii ingegoma au ingetupeleka tusipotaka. Na kweli, Danube hapa inaenda upande mmoja tu mwaka mzima. Nilinyamaza.

Passau nayo ni mji wa kuona kama unapenda mito, inakutana mitatu, Danube yenyewe, Inn yenye maji ya kijani na Ilz yenye maji meusi. Kwenye mnara wa ukumbi wa mji wameandika alama za mafuriko, ya mwaka 2013 maji yalifika karibu mita 13, juu yake kuna ya 1501 peke yake. Ukiziangalia unaelewa kwa nini nyumba za ukingoni madirisha ya chini ni madogo vile. Baada ya hapo bonde linabana, misitu pande zote, na Schlögen mto unagonga mwamba unageuka kurudi ulikotoka, ukiwa juu unaona mkono wa kushoto na wa kulia ni mto ule ule.

Kuna sehemu moja ambayo wengi wanaipita bila kupanda na mimi naona sio sawa. Mauthausen. Chini mtoni ni kijiji kizuri, watu wanakula aiskrimu, baiskeli zimepangwa ukutani. Kilomita chache juu ya kilima ndo palikuwa kambi ya mateso ya Wanazi, kuanzia 1938 mpaka Wamarekani walipofika Mei 1945, watu kama 190,000 walifungwa pale na kwenye kambi zake ndogo, na si chini ya 90,000 walikufa. Kuna machimbo ya mawe na ngazi 186 ambazo wafungwa walikuwa wanazipanda na jiwe mgongoni. Kile kilima ni kikali, na hapo ndo ile mota ilifanya kazi ya maana, bila hiyo mama mdogo asingefika, tungebaki kwenye aiskrimu na wengine. Alisoma majina ukutani muda mrefu. Alikuwa anafundisha historia darasa la saba, aliwahi kuniambia alifundisha Vita Kuu ya Pili kwa ramani ya chaki tu.

Melk, ile abasia kubwa ya njano juu ya mwamba, watawa wako pale tangu 1089, nendeni mkapige picha. Kutoka hapo mpaka Krems ni bonde la Wachau, kilomita kama 36 za mizabibu na miti ya matunda ya aprikoti, UNESCO waliliweka kwenye orodha yao mwaka 2000. Hapo kwenye kijiji cha Dürnstein ndipo alipofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwishoni mwa 1192 akirudi kutoka vita vya msalaba, wakamdai fidia kubwa ya fedha. Jamu ya aprikoti wanayouza barazani, pesa unaweka kwenye kopo, hakuna mtu anayekaa kulinda. Mbele zaidi, Zwentendorf, unapita kando ya kinu cha umeme wa nyuklia ambacho kilijengwa kikakamilika, alafu mwaka 1978 wananchi wakapigishwa kura, asilimia 50.5 wakasema hapana, basi hakikuwashwa hata siku moja mpaka leo. Kimesimama tu. Mama mdogo alishangaa kwamba serikali ilikubali kwa tofauti ndogo vile.

Sio kila kitu ni kizuri. Jumapili njia inajaa, na kuna hao wazee wa makundi wameweka hatua ya juu kabisa wanakupita hatua moja tu kutoka begani, kengele wanapiga wakiwa wameshakupita. Kwenye treni ya kurudi, zile za haraka, lazima uweke nafasi ya baiskeli mapema, na kuinua kilo 25 mlangoni ni shughuli, toeni betri kwanza mbebe kando. Na cheni za hizi baiskeli zinachakaa haraka kuliko za kawaida kwa sababu mota nayo inavuta.

Sasa ndugu wa Morogoro, nusu nakuunga mkono. Ukichukua baiskeli hii hii ukaiweka barabara kuu yenye malori, spidi 25 haikusaidii, unapondwa vizuri tu. Dar pembeni ya mwendokasi barabara ya Morogoro walijenga na njia ya baiskeli, jambo zuri, ila nenda jioni uone nani anapita, bodaboda, matoroli, meza za matunda. Mtu akiniambia kwetu tuagize baiskeli za umeme kwanza ndo tufikirie njia, nitambishia, na akisema baiskeli za umeme hazifai kabisa kwa sababu ni uvivu nitambishia vilevile. Muulize mama mdogo miguu yake ilikuwaje jioni ya kwanza.

Wanaoniomba kwa simu niwaletee moja nikija likizo, haiwezekani jamani, mashirika ya ndege hayapokei betri ya abiria inayozidi watisaa 160, hii yetu ni mara tatu yake. Wenye ndugu ulaya njooni mkodi huku, mabegi kuna kampuni zinayasafirisha kwa gari gesti mpaka gesti. Aprili mnakuta maua ya aprikoti, Julai mnakuta aprikoti zenyewe ila na gesti zimejaa, Septemba kumetulia na bei zimeshuka kidogo. Anzieni Passau sio Vienna, mshuke na maji, upepo nao mara nyingi unatoka magharibi.

Mama mdogo anasema mwakani anarudi, na ndugu wa Morogoro amealikwa rasmi kuandamana naye, sharti lake ni moja, haruhusiwi kupandisha hatua ya mota mpaka afike kilima cha Mauthausen.

Msomaji wenu,
Linz, Austria