Shukrani kwa mzee wa viti, Sinza

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Mimi ni yule wa tamthilia: miaka kumi na moja nimeigiza mlinzi, mganga na baba mwenye nyumba mkorofi, hadi makonda wa Mwenge wananidai risiti ya kodi. Jumamosi ile ndiyo kwanza naongoza.

Mke na mume wanagombana uani, lakini kwenye skrini wote wanatazama kushoto, utadhani wanasubiri daladala moja. Mpigapicha ananitazama mimi, mimi natazama karatasi. Ukaingia wewe kuchukua viti vyako vya kukodisha. Ukaokota kijiti, ukachora mstari mchangani toka miguu ya mke hadi ya mume. "Kamera ibaki upande mmoja wa huu. Ukiuvuka, mmoja anampa mwenzake kisogo."

Tukarudia, kazi ikakaa. (Vitabuni wanaiita kanuni ya nyuzi 180. Nilikuwa nimeisoma, lakini wapi!)

Nilipogeuka kukuuliza jina, guta lako lilishakata kona ya Shekilango. Ahsante sana, mzee. Viti viwili vya bluu umevisahau, ninavyo nyumbani.