Kwa shemeji uliyepeleka chenso Makete

Shemeji, salaam kutoka Dar.

Unalalamika kwamba chenso, huo msumeno wako wa petroli, iliyokuwa ikiwaka mara moja hapa mjini, huko milimani Njombe asubuhi unaivuta kamba mpaka unatoka jasho juu ya sakitu. Wenzako wanasema ni baridi. Baridi imo, ila anayekuonea zaidi ni mlima. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ilirekebishwa Gerezani hapa Dar, usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 30. Ukivuka mita 2,000, kanieneo ya hewa imeshuka kwa karibu moja ya tano, lakini petroli inamiminika kama ilivyopimwa huku. Ubaridi huifanya hewa iwe nzito kidogo, ila hauzibi pengo hilo. Ndiyo maana inafuka moshi na kulegea ndani ya gogo.

Safisha chujio la hewa kwanza, maana likiziba huleta dalili hizohizo. Kisha ng'oa plagi, ile inayotoa cheche, uitazame ncha yake. Ikiwa ya kahawia, sawa. Nyeusi iliyolowa, mafuta yamezidi. Nyeupe, mafuta ni machache, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Pengo lake liwe milimita 0.5. Injini ikishapata moto, skrubu ya kabureta yenye herufi L, ya petroli ya resi ndogo, izungushe kulia kuipunguza, moja ya nane ya mzunguko tu, usikilize. Ile ya H, ya resi kubwa, mwachie fundi mwenye kipima mizunguko. (Mashine mpya za M-Tronic au AutoTune hujirekebisha zenyewe, yako ni ya zamani.) Nguvu yote ya Dar hutaipata hata ukizungusha vipi, hewa yenyewe ni haba.

Na siku ukishuka nayo pwani, rudisha skrubu zilipokuwa. Injini hii hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli. Ukiipunguzia petroli umeipunguzia na oili. Hapo pistoni inakwaruzika, mashine inanoki.

Kuwasha asubuhi: weka chenso chini, funga breki ya cheni, kanyaga mshikio wa nyuma kwa ncha ya buti. Choki yote. Vuta taratibu mpaka kamba ikaze, ndipo uvute kwa nguvu. Sikiliza kwa makini: injini ikikohoa mara moja tu, rudisha choki nusu. Wengi hukosea hapa; kikohozi kinawapita, wanaendelea kuvuta na choki, plagi inalowa. Ikitokea, zima swichi, toa plagi, geuza tundu lake liangalie chini, vuta kamba mara saba au nane mafuta yatoke. Kausha plagi, rudisha, washa bila choki huku umeshikilia resi. Ikiwaka, fungua breki kabla ya kuendelea kupiga resi, usije ukaunguza klachi.

Ikiwaka vizuri kisha ikazima baada ya dakika chache penye ukungu, halafu ikapona yenyewe ukiipumzisha, shuku barafu ndani ya kabureta. Petroli ikigeuka mvuke hupoza, na unyevu wa ukungu huganda humo hata nje kukiwa na nyuzi tano au sita. Tafuta chini ya kifuniko cha juu kipande chenye picha ya jua na ya theluji. Usiicheke hiyo theluji: ukikigeuzia huko, hewa ya moto kutoka kwenye silinda huingia kwenye kabureta. Jua likikolea saa sita, kirudishe, la sivyo injini itachemka.

Kuhusu mafuta: mililita 20 za oili ya tustroki (ile ya kuchanganywa na petroli) kwa lita moja ya petroli ikiwa chupa inasema 50:1, lita tano, mililita 100. Oili ya bodaboda haifai. Usiku jaza tenki, kwani tenki tupu hukusanya umande ndani, na maji hayawaki. Chenso ilale stoo, isilale jikoni karibu na moto.

Oili ya cheni huganda kama uji kwenye baridi, pampu ikashindwa kuivuta. Tumia nyepesi, na ile chafu iliyomwagwa gereji isahau, ina vumbi la chuma. Elekeza ncha ya baa, bapa linalozungukwa na cheni, kwenye kisiki cheupe, sentimita 20 hivi, piga resi: mstari wa oili usipoonekana, usikate mti wa msindano hata mmoja. Jioni legeza cheni. Ikiwa moto imerefuka. Ikipoa inajikaza na kuvuta ekseli ya injini na bearingi zake.

Nitumie picha ya plagi na namba zilizochongwa ubavuni mwa kabureta. Chujio jipya nitaliulizia Kariakoo, nilipakie kwenye basi la Njombe.